Kitufe cha Boost kwa mwenye duka wa Unguja na Pemba: kinauza nini hasa?

Chini ya kila posti ya ukurasa wa biashara, Facebook na Instagram huweka kitufe cha buluu kiitwacho Boost. Muuza kanzu wa Darajani, mpika halua wa Wete, mwenye vyumba vinne vya wageni Jambiani, wote huletewa kitufe hichohicho, mara nyingi na maneno ya kusifu: posti hii inafanya vizuri kuliko nyingine zako, ilipie ifike mbali. Unabonyeza mara nne tano, unaweka kadi, pesa inaanza kwenda.

Hukumu itolewe mapema ili mwenye haraka aondoke nayo. Kitufe kinapata nyota mbili kati ya tano. Ads Manager, programu ya kupangia matangazo, ambayo ni duka lilelile la Meta (kampuni yenye Facebook na Instagram) ukiingilia mlango wa uani, inapata nne. Mnada wa kugawia nafasi za matangazo ni mmoja, pesa ni ileile, watu wanaolengwa ni walewale. Tofauti iko kwenye maswali unayoulizwa kabla ya kulipa. Kitufe kinakuuliza machache, na yale yaliyobaki kinajijibia chenyewe.

Ufikaji wa bure ulikwenda wapi

Mwaka 2012 Facebook yenyewe ilisema posti ya ukurasa hufika kwa wastani wa asilimia 16 ya wafuasi. Miaka miwili baadaye ikaeleza sababu: mtu akifungua Facebook zipo kwa wastani habari 1,500 zinazongoja kumfikia, na mfumo unachagua kama 300. Instagram iliacha kupanga posti kwa kufuata saa mwaka 2016, kwa hoja kwamba watu walikuwa wanapitwa na asilimia 70 ya yaliyowekwa na wale wanaowafuata. Januari 2018 Facebook ikatangaza kuwa ndugu na marafiki watatangulizwa mbele ya kurasa za biashara.

Kwa hiyo ukiwa na wafuasi 4,000, kwa kipimo kile cha 2012 ungefika kwa watu 640, na tangu hapo foleni imerefuka. Barazani wanasema kuna mtu Marekani anakunja posti yako makusudi ili ulipe. Mambo hayaendi hivyo. Mfumo unaionyesha posti kwa kundi dogo kwanza, unatazama wamefanyaje, kisha unaisukuma au unaiacha ilale. Lakini na hili lisemwe: kampuni inayogawa nafasi ya bure ndiyo hiyohiyo inayouza nafasi ya kulipia, na mizani iko mkononi mwake.

Wengine hawako safi zaidi. X, iliyokuwa Twitter, ilipochapisha sehemu ya msimbo wake Machi 2023, ilionekana wazi kuwa aliyelipia alama ya buluu anaongezewa alama katika upangaji. (Kwa hapa kwetu X ilifungwa Mei 2025, hivyo muuza duka hana haja ya kuisumbukia.) Januari 2023 jarida la Forbes liliripoti kwamba wafanyakazi wa TikTok wana kitufe cha ndani cha “kupasha moto” video wanazozitaka wao, na kwamba video hizo zilikuwa asilimia 1 hadi 2 ya mitazamo yote ya siku. Ukiona video ya mtu imelipuka ghafla, usikimbilie kuiga nyimbo na mikogo yake. Huenda kilichoisukuma hakikuwamo ndani ya video.

Unachonunua ukibonyeza

Instagram inakupa malengo matatu: watu watembelee ukurasa wako, watembelee tovuti, au wakutumie ujumbe. Facebook hata hilo inapenda kukuchagulia. Ukibaki na lengo la matembezi, umekwisha kupoteza nusu ya pesa kabla tangazo halijapaa.

Sababu ni hii. Meta inamjua mtu wa kupiga laiki, mtu wa kubofya, na mtu wa kuandika ujumbe, na hao mara nyingi ni watu tofauti. Mnada wake haumpi nafasi mwenye pesa nyingi peke yake. Unachukua dau lako, unalizidisha kwa uwezekano kwamba mtu huyu mbele ya simu atafanya kile ulichoomba, kisha unajumlisha ubora wa tangazo. Ukiomba wapitaji, utaletewa wapitaji: wanaiona kanzu, wanapiga moyo, wanaendelea na safari. Laiki zitapanda hadi 900, hutauza hata kofia moja, na mfumo utakuwa umetimiza ahadi yake barabara.

Kwa muuzaji wa visiwani lengo ni ujumbe, basi. Biashara ya hapa inamalizikia WhatsApp. Mteja anataka kuuliza saizi, kuuliza kama unapeleka Mwanakwerekwe, na kuomba apunguziwe. Ukibaki na kitufe, chagua ujumbe na uelekeze WhatsApp. Ukitumia Ads Manager, anza na lengo la Engagement, chagua programu za ujumbe, kisha WhatsApp. Namba iwe imeunganishwa na ukurasa kabla, kupitia mipangilio ya ukurasa, la sivyo chaguo hilo halitafanya kazi. Andika maswali mawili matatu yaliyo tayari ambayo mteja atagusa tu: “Bei ya saizi 58?”, “Mnaleta Pemba?”

Halafu kuna walengwa. Chaguo la kujiendesha kwenye kitufe huwatafuta watu wanaofanana na wafuasi ulionao. Ikiwa wafuasi wako ni shangazi, binamu, na watu waliokufuata siku ulipotoa zawadi ya simu, utatafutiwa shangazi na binamu wa watu wengine. Ads Manager nayo ina mtego wake: ukiacha Advantage+, yaani chaguo la Meta kukutafutia walengwa yenyewe, imewashwa, umri na mapendeleo unayoandika huchukuliwa kama pendekezo, na mfumo una ruhusa ya kutoka nje yake. Mahali, lugha na umri wa chini ndivyo vinavyobaki kuwa amri.

Hesabu ya kulipia ni nyepesi na wengi hawaifanyi. Tuseme kanzu moja inakuachia faida ya shilingi 15,000, na katika kila watu 6 wanaokuandikia mmoja ananunua. Mazungumzo moja yana thamani ya shilingi 2,500. Gharama ya kila mazungumzo kwenye ripoti ikizidi hapo, unafanya kazi kwa ajili ya Meta. Na kumbuka Meta huhesabu mazungumzo pale mtu anapotuma neno la kwanza tu, hata akiwa amegusa swali lililo tayari na kutoweka. Kwa hiyo idadi ya wanunuzi iandike wewe mwenyewe, kwenye daftari au kwa lebo za WhatsApp Business.

Jambo moja ambalo kitufe hakikwambii: mfumo unahitaji kama matokeo 50 ndani ya siku 7 ili utoke kwenye hatua ya kujifunza. Kabla ya hapo bei inayumba, leo shilingi 800, kesho 4,000. Kila ukibadilisha picha, walengwa au bajeti kwa kiasi kikubwa, unaurudisha darasa la kwanza. Ndiyo maana tangazo la siku 2 la dola 10 halikufunzi chochote, wewe wala mashine. Bora dola 5 kwa siku kwa siku 7 bila kuligusa, kuliko dola 35 kwa siku moja. Wafanyabiashara wadogo wengi hawatafikia 50 kwa bajeti hiyo, na si msiba; ila wasilichezee tangazo kila asubuhi kama wanaokoroga uji.

Ramani ya visiwa na duara la Meta

Hapa ndipo matangazo ya Zanzibar yanapovujia zaidi, na marekebisho yake hayagharimu hata senti.

Meta inalenga kwa duara. Unatia kipini kwenye ramani, unachagua umbali, kilomita 1 hadi 80. Ukitia kipini Mji Mkongwe na kuacha kilomita 80, umeikumba Dar es Salaam, iliyo kama kilomita 73 tu kwa mstari ulionyooka. Dar ina watu mara nyingi zaidi ya Unguja nzima, na mfumo unakwenda kwenye watu wengi na rahisi. Pesa yote itavuka bahari, na utapata jumbe za “mko Kariakoo sehemu gani?”

Ukipunguza hadi kilomita 50 ili uishike Nungwi na Makunduchi, bado Bagamoyo imo, maana kutoka Mji Mkongwe Bagamoyo iko karibu kuliko Nungwi: kama 45 dhidi ya 49. Dawa ni kuhamisha kipini. Kitie Dunga, Wilaya ya Kati, na weka kilomita 45. Nungwi inaingia kwa tabu kidogo, Makunduchi inaingia, Paje na Kiwengwa zimo, na Bagamoyo iliyo kama kilomita 58 inabaki nje. Kwenye Ads Manager unaweza pia kutia kipini cha kuondoa juu ya Bagamoyo na kingine juu ya Dar, ukalala usingizi.

Pemba ni rahisi zaidi. Kipini Chake Chake, kilomita 40, kisiwa karibu chote kimo kuanzia Mkoani hadi Konde. Usiende 80, kwa sababu Tanga iko kama kilomita 75. Na usiandike tu “Zanzibar” kwenye sanduku la mahali ukadhani Pemba imo. Tazama ramani imepaka rangi wapi. Mwenye mgahawa wa Wete anayelipia wasomaji wa Kikwajuni anafadhili njaa ya watu walio upande wa pili wa mkondo wa bahari.

Udogo wa visiwa nao una maana. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima, kati yao 543,441 Pemba, na hapo umehesabu hadi watoto wachanga. Ukikata kwa umri, jinsia na mapendeleo matatu, unabaki na kijiji. Dalili ni namba ya marudio kwenye ripoti, yaani mtu mmoja ameliona tangazo mara ngapi. Ikifika 4 au 5 ndani ya wiki, watu wameanza kukuchoka, na bei ya kila mazungumzo itapanda hata kama hujagusa kitu. Hapo badilisha picha. Kuongeza pesa kutawachosha zaidi. Kwa Unguja, mahali na umri vinatosha. Mapendeleo yaache.

Wanaouza kwa watalii wana hila moja nzuri ambayo kitufe hakiwapi: lugha. Siku hizi Meta inalenga “wanaoishi au waliokuwapo hivi karibuni” kwa pamoja, haiwatengi wageni na wenyeji. Lakini ukiweka Unguja na kuchagua lugha ya Kiitaliano au Kipolandi, unaowapata karibu wote ni wageni walio kisiwani sasa hivi, wanaotafuta wa kuwapeleka Mnemba au mashamba ya viungo Kizimbani kesho asubuhi. Walengwa hao ni wachache, kwa hiyo dola 3 kwa siku zinatosha, na tangazo liandikwe kwa lugha hiyo, si kwa Kiingereza cha kubahatisha. Anayemtaka mgeni kabla hajapanda ndege ajue kuwa Novemba na Desemba mnada wa Ulaya hupanda kwa ajili ya maduka ya Krismasi. Kwa msimu wa kusi, wakati wa upepo mzuri wa kaiti Paje kuanzia Juni, tangazo lianze Machi au Aprili, masika yakiwa bado yanamwagika na washindani wamelala.

Yanayokwama, na kwa nini

Muziki kwanza. Reels yenye wimbo wenye hakimiliki haibustiwi, iwe taarabu, bongo fleva au nyimbo za ng'ambo. Vibandiko vya kubonyezwa na picha za GIF nazo zinazuia. Watu hutengeneza video nzuri, inapanda, wanataka kuilipia, wanakataliwa. Video unayotarajia kuilipia siku moja irekodi kwa sauti yake yenyewe: mwiko unavyogonga sufuria ya halua, cherehani, mawimbi, au wewe ukisema bei. Kwa halua, kusema kweli, sauti ya mwiko inauza kuliko wimbo.

Wenye iPhone: mtindo ulioanza 2024 ni kwamba ukibusti ndani ya programu ya simu, Apple inachukua asilimia 30 ya malipo. Katika kila dola 10, dola 3 hazifiki kwenye tangazo. Fungua Facebook au Instagram kwenye kivinjari, hata cha simu hiyohiyo, ulipie huko.

Kadi zinazotolewa na huduma za pesa za simu hufanya kazi, mradi iwe na salio wakati Meta inapokata, maana haikati mara moja mwishoni tu. Salio likikosekana, tangazo husimama na deni hubaki. Ukijaribu kadi yako, kisha ya mke, kisha ya shemeji, ndani ya saa moja, akaunti ya matangazo inaweza kufungwa kwa kushukiwa wizi. Pia tazama risiti, kwa sababu kodi huongezwa juu ya bajeti uliyoandika. Sarafu na saa za eneo zichague vizuri siku ya kufungua akaunti ya matangazo; ukikosea, kuzibadilisha ni kufungua akaunti nyingine.

Saa zenyewe ni mtego wa Waswahili. Ukitaka tangazo lianze saa 2 usiku, baada ya tarawehe, programu inataka 20:00. Ukiandika 2, linaanza saa 8 usiku, watu wamelala au wako kwenye daku.

Kwenye Instagram lipo chaguo la tangazo kuendelea hadi utakapolisimamisha mwenyewe. Usiliguse. Weka tarehe ya mwisho kila mara. Mtandao ulipozimwa Tanzania mwishoni mwa Oktoba 2025, aliyekuwa na tangazo linalolenga Ulaya bila tarehe ya mwisho hakuwa na njia ya kulisimamisha wala ya kujibu wageni.

Ukaguzi kwa kawaida huchukua hadi saa 24, na huweza kuchelewa. Nguo za Idi zipeleke siku tano kabla, wala usingoje mwezi uandame. Wauza singo na vipodozi hukataliwa mno kwa kosa moja: picha mbili za “kabla” na “baada”. Dawa za asili zinazodai kuponya nazo hazipiti. Piga picha ya singo yenyewe, asumini, mawaridi na kinu, na useme bei.

Bei, hasa. “Bei inboksi” ni ugonjwa. Anayeuliza bei na kutoweka amekulipisha mazungumzo ya bure. Ukiiandika bei kwenye picha, jumbe zitapungua na wanunuzi hawatapungua.

Upande wa bure, nao una mwenyewe

Wanaosema “mimi nakua kwa asili, silipi mtu” wanasahau kwamba asili hiyo nayo inapangwa na mashine ileile. Januari 2025 Adam Mosseri, mkuu wa Instagram, alitaja ishara tatu zinazopewa uzito zaidi: muda wa kutazama, laiki kwa kulinganisha na waliofikiwa, na mara ambazo posti imetumwa kwa mtu mwingine kwa ujumbe. Ya tatu ndiyo yenye nguvu zaidi kwa watu wasiokufuata. Kwa hiyo swali la kila posti ni moja: nani atamtumia nani hii, na kwa nini?

Picha ya gauni jipya hutumwa mara chache. Orodha ya bei za kushona nguo za skuli kwa saizi zote hutumwa na mama kwa mama. Jedwali la maji kujaa na kupwa kwa wiki nzima, likiwa na jina la nyumba ya wageni ya Jambiani pembeni, hutumwa na mwongoza watalii kwa dereva, na na mgeni kwa mwenzake, kwa sababu siku za bamvua bahari ya huko inakimbia mbali na kila mtu anataka kujua itarudi saa ngapi. Kazi yake ni nusu saa kila Jumapili.

Kwa video, kilicho kizuri kiwe mbele. Anza na halua inayonyanyuliwa na mwiko ikimeta, kisha rudi kwenye sukari na wanga. Ukianza na nembo ya duka kwa sekunde 4, wamekwisha pita. Maneno yaandikwe juu ya video, kwani wengi hutazama simu imezimwa sauti. Video yenye alama ya TikTok usiilete Instagram, maana tangu 2021 huko haipendekezwi sana. Na tangu Aprili 2024 akaunti inayochukua kazi za watu na kuziweka tena mara 10 au zaidi ndani ya siku 30 huondolewa kwenye mapendekezo. Kurasa za “vichekesho vya Zanzibar” zilizokwama bila kujua sababu zianzie hapo. Ukihisi umefungiwa, usiulize vikundini: nenda Mipangilio, kisha Hali ya Akaunti, pameandikwa kama unapendekezwa au hapana.

Maneno ya chini ya picha sasa yana kazi mbili. Instagram hutafuta ndani yake, na tangu Julai 10, 2025 posti za wazi za akaunti za biashara zinaweza kuonekana Google. Andika mahali kwa jina: Paje, Kidichi, Chake. Sehemu ya jina la akaunti iandikwe kitu anachotafuta mtu, mfano “Halua ya Wete, Pemba”. Ifikirie kabla, kwa sababu jina hubadilishwa mara mbili tu ndani ya siku 14.

“Andika AMIN”, “tagi marafiki watatu”, “shea kwa watu kumi”: Facebook inazishusha posti za aina hii tangu Desemba 2017. Bado zinajaa.

Wauza wafuasi hawastahili hata nyota moja. Chukua duka lenye wafuasi 600 wa kweli, linunue 5,000. Posti inayofuata mfumo unaionyesha kwa kundi la mwanzo, ambalo sasa wengi wake ni akaunti zilizokufa. Hakuna anayetazama wala kutuma. Mfumo unahitimisha kuwa posti ni mbovu na wale 600 hawaioni tena. Unalipa ili ufichwe. Baadhi yao wanaomba na nywila. Tangu Novemba 2018 Instagram inaondoa laiki na wafuasi wa namna hiyo, kwa hiyo hata urembo wenyewe haudumu.

Wanaolipa mtu maarufu awatangaze waombe kitu kimoja kabla ya kutoa pesa: arekodi skrini ya simu akifungua takwimu zake, sehemu ya miji. Picha ya skrini hairidhishi, hubadilishwa kwa dakika mbili. Akiwa na wafuasi 200,000 na Dar es Salaam ni wa kwanza, Mwanza wa pili, Nairobi wa tatu, keki yako ya Michenzani ataila nani?

WhatsApp ndiyo sehemu pekee ambapo foleni ni fupi, ingawa nayo ina milango yake. Orodha ya kutuma kwa pamoja hubeba watu 256, na inamfikia yule tu aliyehifadhi namba yako. Ujumbe uliosambazwa sana, tangu Aprili 2020, hupelekwa kwenye soga moja tu kwa wakati mmoja, hivyo tangazo la kupokezana lina breki. Basi kazi ya kila mauzo ni kuingiza namba yako kwenye simu ya mteja. Iandike kwenye mfuko, kwenye risiti, na mwambie aihifadhi hapohapo dukani ili umtumie picha ya mzigo mpya. Wateja 256 waliohifadhi namba wana faida kuliko wafuasi 4,000 wa Instagram, na Ijumaa asubuhi huhitaji kubembeleza mashine yoyote ili waone.

Basi kibonyezwe lini?

Watu huamini kwamba ukibusti mara moja, posti zako za bure zinaadhibiwa milele. Instagram inakanusha, na maelezo mepesi yapo: waliokuja kwa tangazo pana hawakuwa wateja, wakakufuata, hawatazami, wakaharibu kundi la mwanzo, kama wale wa kununuliwa ila wako hai. Ukilenga vizuri, tatizo hilo hupungua.

Kitufe kinafaa hali moja: posti ya kawaida, isiyo na wimbo wa mtu, yenye bei, ambayo kwa siku mbili imetumwa kwa watu wengine zaidi ya posti zako nyingine. Laiki usizitazame. Ibusti kutoka kwenye kivinjari, lengo ujumbe wa WhatsApp, kipini Dunga kilomita 45 au Chake Chake 40, dola 5 kwa siku kwa siku 7, tarehe ya mwisho imewekwa, na mtu wa kujibu akiwa karibu na simu jioni, kwa sababu anayengojeshwa saa sita atakuwa ameshanunua kwa jirani. Siku ya nane gawa gharama yote kwa idadi ya walionunua. Ikizidi faida ya bidhaa moja, tangazo hilo usilirudie.